'Ikiwa' na 'basi': Sentensi inapogeuzwa kichwa chini

KIAMBISHI '-ki-' cha masharti ni kidogo mno, lakini mzigo wake si haba. Sarufi zetu hutufunza kukitambua katika 'akija', 'ukilima' na 'mvua ikinyesha', kisha husonga mbele. Hazitwambii kwamba sharti lina upande wa kwenda, na kwamba kurudi nyuma si ruhusa. Hapo ndipo wasemaji wengi huteleza, wakiwemo wasomi wenzangu.

Chukua kituo cha kukusanyia majanichai kule Nyamira. Kila mkulima anaijua kanuni hii: majani yakiwa yamenyauka, karani hayapokei. Mkulima akirudi nyumbani aseme, "Yangu yamepokelewa," mkewe ana haki ya kuamua kwamba hayakuwa yamenyauka. Ameigeuza sentensi na kuikanusha pande zote mbili. Sentensi iliyogeuzwa hivyo ni sawa na ile ya kwanza; moja ikiwa kweli, nyingine haiwezi kuwa uongo.

Jirani naye anasema: "Yangu hayajanyauka, basi lazima yapokelewe." Ala! Nani kamwambia? Majani yanaweza kuwa mabichi na bado yakawa magumu, karani akayaweka kando. Wa tatu anaona gunia la mwenzake limekataliwa, anatangaza kwamba majani yalinyauka. Kosa ni lile lile, limebadilisha shati tu. Kanuni ilisema kunyauka kunatosha kukataliwa. Haikusema kwamba ndiyo sababu pekee.

Wakati mwingine sharti huja bila '-ki-' wala 'ikiwa'. Makanga wa matatu ya kutoka Kisii kwenda Keroka akipaza sauti, "Lipa ama ushuke!", abiria wote wanasikia 'usipolipa utashuka'. Hapo 'ama' imefanya kazi ya '-sipo-'. Angesema pia, "Hubaki humu bila kulipa," na dai lingekuwa lile lile. Ila hakuahidi kwamba ukilipa hutashuka. Gurudumu likipata pancha, aliyelipa na asiyelipa watasimama pamoja kando ya barabara.

Sitaki kuwaonea wasemaji. Mama akimwambia mwanawe, "Ukimaliza kuosha vyombo utakunywa chai," mtoto huelewa kwamba asipomaliza hanywi, na ameelewa vizuri. Maana hiyo ya pili haimo katika sarufi. Inatokana na nia ya mama. Michael Geis na Arnold Zwicky waliieleza tabia hii mwaka 1971 kwa mifano ya Kiingereza. Naye Peter Wason, kule Uingereza, alibuni mwaka 1966 jaribio la kadi nne lililohitaji mtu afuate sharti moja jepesi, na wengi waliojaribiwa, watu waliosoma, walilikosea. Kwa hivyo anayedai kwamba udhaifu huu ni wa Kiswahili, au wa Ekegusii, hana hoja.

Tatizo ni pale mazoea ya jikoni yanapobebwa hadi mahali ambapo uhai wa mtu umo mizani. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee walishambuliwa na umati wakauawa, wakidaiwa kumroga kijana. Mnamo Mei 2008, watu 11 waliteketezwa katika eneo la Kisii kwa dai la aina hiyo hiyo.

Ukilivua dai la namna hiyo mayowe yake, unabaki na hoja ya mistari mitatu. Mtu akirogwa, hupatwa na madhara. Huyu amepatwa na madhara. Basi amerogwa. Sitabishana hapa kuhusu mstari wa kwanza; hata tukimpa msemaji mstari huo bure, wa tatu haufuati. Ni gunia la majani lililokataliwa, na mtu anayeapa kwamba yalinyauka. Madhara yana milango mingi: ugonjwa, ajali, dawa za kulevya, msongo wa mawazo. Isitoshe, hata kama hoja hiyo ingesimama, ingesema tu kwamba kijana amerogwa. Haina jina la ajuza yeyote ndani yake. Jina huongezwa na umati, na 'basi' hutumika kama gundi.

Ndiyo maana nina ugomvi na sisi tunaoandika. Tunaripoti kwamba 'washukiwa wa uchawi wameuawa' kana kwamba tumeandika kwa tahadhari. Mshukiwa ni mtu ambaye kuna ushahidi fulani unaomwelekea. Hawa walielekewa na nini, zaidi ya sentensi iliyosomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo? Mimi ningeandika 'wazee wameuawa', kisha neno 'washukiwa' niwawekee waliobeba petroli.