Nunda, Zimwi na Shimo Jeusi: Swali la Mlishaji katika Masimulizi ya Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya kumpokea zimwi akiwa amekwisha kufasiriwa. Akitokea tu katika masimulizi, huambiwa papo hapo kwamba ni taashira: ya ukoloni, ya ubepari, ya mtawala wa kiimla. Fasiri hizo aghalabu si za uongo. Kasoro yake ni kwamba humkatiza zimwi kabla hajapata kula, ilhali kula ndiyo kazi yake. Mhakiki huifikia maana kabla ya kuuliza ni nani aliyekuwa akimpa chakula.

Swali hilo la mlishaji ni la kale. Limo katika hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoichapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Unguja, na ambayo George W. Bateman aliisimulia upya kwa Kiingereza katika kitabu kilichotoka Chicago mwaka 1901. Wengi huikumbuka kwa ajili ya Nunda mla watu, na kwa ajili ya kijana Mkaa Jikoni, anayeua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, na kila mara mama yake akamjibu kwa wimbo kwamba aliyemleta siye. Sehemu isiyojadiliwa sana ni ile inayotangulia msako huo. Nunda hakutoka mwituni. Alikuwa paka wa nyumba ya sultani. Alipokamata kuku, watu walikwenda kushtaki, na sultani akajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Mashtaka yakapanda kutoka kwa kuku hadi kwa mbuzi, kutoka kwa mbuzi hadi kwa ng'ombe, na jibu likabaki katika mkondo ule ule. Hata paka alipoanza kula watu, sultani hakuona sababu ya kumwua. Msimamo ulibadilika siku paka alipowaua wana watatu wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba alipotambua kuwa huyo si paka tena, ni nunda.

Yafaa jibu hilo la sultani lisomwe kwa utulivu, maana ndilo kiini cha hadithi. Mantiki yake haina ufa: mwenye paka na mwenye kuku ni mtu mmoja, basi hakuna aliyedhulumiwa. Nunda amekuzwa kwa kivumishi kimoja, kile cha umiliki. Na jina lake limecheleweshwa na mtu yule yule mwenye mamlaka ya kulitoa. Raia walioona kuku wao wakiliwa walijua tangu awali wana nini mbele yao, lakini kujua kwao hakukuwa na nguvu ya kubadilisha neno "paka" likawa neno "nunda". Ikisimuliwa kwa watoto kama kisa cha ushujaa tu, hadithi hii hupoteza nusu yake, na nusu inayopotea ndiyo inayowahusu watu wazima.

Kuna tofauti nyingine inayostahili kutajwa. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, alieleza jinsi kisa cha dubwana mmezaji kilivyoenea: shujaa hulipasua, na watu pamoja na mifugo yao hutoka wakiwa hai. Nunda wa Unguja hamrudishi mtu. Akishauawa, waliokufa wamekufa, na wana wa sultani hawafufuki. Furaha ya mwisho wa hadithi ni ya waliosalia peke yao.

Kuhusu jambo hilo, Ngũgĩ wa Thiong'o anatoa mfano ulio karibu zaidi na Nairobi. Riwaya aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 ilichapishwa mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili, *Shetani Msalabani*, ikatoka mwaka 1982. Ndani yake mzee wa kutoka Bahati anamsimulia Gatuĩria, mtafiti wa muziki kutoka chuo kikuu, kisa cha mkulima aliyebeba zimwi mgongoni, kucha zikiwa zimezama mwilini mwake. Mkulima analima, zimwi anakula. Mmoja anakonda, mwingine ananenepa. Mganga anamshauri mkulima achemshe mafuta na kuyamwaga juu ya kucha hizo. Kwamba kisa hiki kinahusu unyonyaji ni jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulitambua. Lisilotambuliwa kwa urahisi ni ukali wa tiba yenyewe. Kucha ziko katika nyama ya anayemwaga mafuta, na hawezi kuzichoma bila kuihatarisha ngozi yake. Hapa mlishaji na mliwaji ni mtu mmoja, na Ngũgĩ hakujaribu kuifanya hali hiyo iwe nyepesi. (Si bahati mbaya kwamba anayesimuliwa ni msomi anayekusanya masimulizi ya wazee ili atunge muziki. Kejeli hiyo inawagusa wasomaji wa majarida kama hili.)

*Walenisi* ya Katama Mkangi ilichapishwa mwaka 1995 na East African Educational Publishers, waliokuwa wakati huo na ofisi zao Brick Court, Westlands. Mkangi, mwanasosiolojia aliyewahi kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka katika miaka ya 1980, anamwonyesha zimwi katika sura ya mtambo. Dzombo amehukumiwa kufa, naye anatiwa katika chombo cha angani ili apotelee huko. Badala ya kupotea anajifunza kukiendesha, na hatimaye anaifikia sayari ambayo jina lake ni sentensi nzima: wale ni sisi. Kwa lugha ya ngano, zimwi amemeza, na aliyemezwa ameshika usukani akiwa tumboni. Ni ubunifu wa hali ya juu, nao ni mpya kuliko wanavyokiri wale wanaoiita riwaya hii mahubiri ya kisiasa. Hata hivyo, lawama yao haikosi msingi. Dzombo akishatua, maelezo kuhusu jamii hiyo njema yanazidi matukio, na wenyeji wanakuwa walimu. Pasipo mlaji, msimulizi amebaki na somo la kufundisha.

Safari hiyo ya angani inaleta jambo lililopita kimya mno katika uhakiki wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubaliwa na wanasayansi wengi kuwa ni shimo jeusi. Kwa hiyo dubwana kubwa kuliko yote, linalomeza hata nuru, lilianza kujulikana kwa msaada wa chombo kilichoondoka katika pwani ya Waswahili. Mwanafunzi wa fizikia wa Chiromo, upande wa Westlands, hujifunza habari zake kwa milinganyo. Mwenzake wa fasihi, ng'ambo ya barabara, hukutana nalo kama istiara. Istiara hiyo inavutia, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Shimo jeusi halikufugwa na mtu. Halina sultani, halina tumbo la kupasuliwa, wala hakuna awezaye kushtakiwa kwa ajili yake. Mwandishi anayeufananisha utawala dhalimu na shimo jeusi ameutisha umma na kumsamehe sultani kwa mkupuo mmoja.

Bomu la atomiki ni kinyume chake kabisa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya migodi na ya mitaa inayoizunguka. Nunda huyo alilishwa kwa mikono ya wachimbaji ambao hawakuambiwa wanachimba nini wala kwa ajili ya nani. Hofu ya nyuklia basi si hofu iliyoazimwa kutoka Ulaya na Marekani, kama inavyodhaniwa nyakati nyingine.

*Bina-Adamu!* ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotolewa na Phoenix Publishers wa Nairobi mwaka 2002, inaipa hofu hiyo nafasi. Ikifuata njia iliyofunguliwa na Euphrase Kezilahabi katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), inampitisha mhusika mkuu katika mabara, na maangamizi ya vita vya dunia na ya bomu la atomiki yamo katika anayokutana nayo. Nyuma ya maovu hayo yumo P.P., jina linalomrejelea Peter Pan, mtoto wa tamthilia ya J. M. Barrie ya mwaka 1904 asiyekubali kukua. Kumfanya dubwana wa utandawazi awe mtoto wa hadithi za watoto ni uamuzi wenye akili. Mtoto huyo ana michezo, hana kumbukumbu, na kila alichokivunja hukiacha kama mwanasesere. Lakini P.P. ni wa mbali, na umbali huo unamrahisishia msomaji wa Nairobi mambo kupita kiasi. Anaweza kulifunga kitabu akiwa na hakika kwamba paka ni wa jirani. Kinachoiokoa riwaya hii ni anwani yake, pamoja na alama yake ya mshangao, kwani dubwana anayesakwa humo ameitwa kwa jina la ukoo la msakaji. Wamitila hakulifuata hilo hadi mwisho. Mama yake Mkaa Jikoni alikuwa na kazi moja tu, kumtazama kila mzoga ulioletwa na kusema siye. Katika riwaya za Kiswahili zinazosaka madubwana, mhusika wa namna hiyo ni adimu.