Hongera, Mafundi wa Taa za Jiji

Mwaka 2002 Esther Passaris alianzisha mpango wa Adopt-A-Light jijini Nairobi: kampuni zilipie matangazo kwenye nguzo za taa, barabara zipate mwanga. Anastahili sifa. Lakini pongezi zangu kubwa ni za mafundi wanaopanda nguzo hizo, kuanzia Moi Avenue hadi Waiyaki Way, wakiondoa taa za sodiamu zenye mwanga wa manjano na kufunga za LED. Hizi hula stima kidogo, tena zinaonyesha sura ya mtu sawasawa, jambo kubwa kwa mwanamke anayeshuka matatu usiku Kangemi. Mwizi akikata nyaya, fundi hurudi kuziunga. Kule Kawangware, mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, ikiwaka, mama mboga hafungi mapema. Mafundi hawa wapewe mikanda imara na glavu nzuri, na walipwe kwa wakati.