Kipaza Sauti ni Kipi? Istilahi za Sinema ya Nyumbani Mbele ya Mafundi wa Moshi

Yapata mwaka mmoja uliopita tuliombwa na vijana wa karakana moja iliyo karibu na soko la Mbuyuni, mjini Moshi, tuwatafsirie kwa Kiswahili mwongozo wa kuunda kompyuta ya kuonyeshea filamu nyumbani pamoja na spika zake. Kazi ya vijana hao ni kukusanya vipande. Kompyuta iliyokwisha kutumika hufunguliwa, hutiwa diski kubwa ya kuhifadhia filamu, huunganishwa na televisheni kwa waya mmoja na amplifaya kwa waya mwingine. Masanduku ya spika nayo huchongwa na seremala kwa plaiwudi au kwa mbao za paina. Wateja wao ni wenye nyumba wa mjini na wa vihambani, kuanzia Kibosho na Uru hadi Marangu. Tuliifanya kazi hiyo kwa kufuata orodha za istilahi tulizokuwa nazo, wala hatukuongeza neno letu hata moja. Matokeo yake ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya.

Mwongozo ulitoa onyo kuhusu spika nne za omu 8 kila moja. Zikiunganishwa zote kwenye tundu moja la amplifaya kwa namna ambayo mkondo wa umeme unajigawa katika njia nne, ukinzani wa jumla hushuka hadi omu 2, na amplifaya iliyoundwa kuhimili omu 4 na zaidi hupitisha mkondo mkubwa kuliko uwezo wake. Sisi tuliandika kwa ufupi: “Usiunganishe spika sambamba.” Neno *sambamba* ndilo litumiwalo na waandishi wa sayansi kwa muungano wa aina hiyo, na kinyume chake ni *mfuatano*. Lakini kwa msemaji wa kawaida, sambamba ni bega kwa bega. Askari huenda sambamba. Reli mbili hulala sambamba. Kijana aliyepewa kazi hiyo alitii onyo letu kikamilifu: aliyatenga masanduku manne, kila moja katika pembe yake ya sebule, kisha akazifunga nyaya zote nne kwenye tundu lile lile. Amplifaya iliungua kabla filamu ya kwanza haijafika nusu, nyumbani kwa mteja huko Uru, wageni wakiwa wamekaa. Gharama yake ilikatwa katika ujira wa kijana. Alipotuletea karatasi yetu hakulalamika. Alituonyesha mstari tu, akauliza kosa lake liko wapi. Hatukuwa na jibu, kwani kosa halikuwa lake.

Yafaa tuseme wazi kwamba neno sambamba si baya. Shuleni lina mwalimu na lina mchoro ubaoni, basi hueleweka. Ila mafundi wa Moshi, kama wenzao wa kwingineko nchini, walijifunza umeme kwa kumtazama fundi mwenzao, na kwao muungano huo ni *paraleli*, na ule mwingine ni *sirizi*. Anayewaandikia mafundi hana haki ya kujifanya hajui hivyo. Aidha aliandike neno lao, aidha aliandike lililo sanifu na kulifafanua papo hapo kwa maneno machache: “sambamba, yaani kila spika kuwa na nyaya zake mbili zinazofika moja kwa moja kwenye amplifaya.” Maneno hayo machache ya ufafanuzi yangeiokoa amplifaya ile.

Tatizo la pili ni kongwe zaidi, na msomaji bila shaka amekwisha kukutana nalo. *Kipaza sauti* ni kipi? Katika mkutano wa hadhara, mwenyekiti huomba apewe kipaza sauti, akimaanisha kile anachokishika mkononi. Katika mkutano huo huo, mwananchi aliyekaa nyuma hulalamika kwamba kipaza sauti kinakoroma, akimaanisha kile kilichofungwa juu ya mti. Orodha na kamusi zimeyapokea matumizi yote mawili bila kuchagua. Mkutanoni hakuna madhara, maana macho huona kinachotajwa. Nyuma ya kompyuta hali ni tofauti. Huko kuna matundu madogo yanayolingana kwa ukubwa, yenye upana wa milimita 3.5, na moja ni la kuingizia sauti ya msemaji, jingine la kutolea sauti kwenda kwenye spika. Mwongozo wetu ulisema “chomeka waya katika tundu la kipaza sauti.” Nusu ya vijana walichomeka huku, nusu kule.

Tukilitazama neno lenyewe kwa makini, tutaona kwamba halimfai yeyote kati ya hao wawili. Kupaza ni kufanya kitu kipae, kipande juu. Kile cha mkononi hakipazi kitu; hupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme dhaifu sana. Spika nayo haipazi. Huupokea umeme na kuugeuza kuwa sauti tena, kwa kuisukuma koni ya karatasi mbele na nyuma. Anayepaza hasa ni yule wa katikati, amplifaya, ambaye huuchukua umeme dhaifu na kuutoa ukiwa na nguvu. Basi kwa mantiki ya kitenzi, kipaza sauti ni amplifaya. Je, tupendekeze hivyo? La. Neno lililokwisha kuwa na maana mbili vinywani mwa watu halitibiwi kwa kuongezewa ya tatu. Tunashauri libaki kwa msemaji na mkutano wake, na katika maandishi ya ufundi tuandike *maikrofoni*, *amplifaya* na *spika*, ambayo yote hutamkika bila taabu.

Wako watakaopinga kwamba spika tayari ni kiongozi wa Bunge. Pingamizi hilo huwa tunalisikia mara kwa mara katika vikao, na kwa maoni yetu linaidharau sarufi ya Kiswahili. Spika *amesema*, spika *imesema*. Spika wetu *ameugua*. Spika yetu *imeungua*. Upatanisho wa kisarufi hutenganisha mtu na kitu kabla hata sentensi haijaisha, na hatujapata kumwona Mtanzania aliyechanganyikiwa hapo.

*Sabufa* linahitaji uangalifu zaidi. Kwa asili neno hili ni jina la spika moja tu, ile itoayo sauti nzito za chini. Lakini madukani, kuanzia Moshi hadi Kariakoo, mtu akisema amenunua sabufa ana maana ya seti nzima: sanduku kubwa lenye amplifaya ndani yake pamoja na spika zake ndogo. Maana imepanuka kutoka kiungo hadi mwili wote, jambo la kawaida katika lugha yoyote. Kwa hiyo mwongozo unaosema “sabufa iwekwe sakafuni karibu na ukuta” humfanya msomaji aziweke sakafuni na zile ndogo, ambazo zapaswa kuwa karibu na usawa wa masikio ya aliyeketi. Hatuoni faida ya kupigana na soko. Sabufa liachiwe maana yake pana, na kiungo chenyewe kiitwe *spika ya besi*. Vivyo hivyo alama ya 5.1 ielezwe kuwa ni spika tano na moja ya besi. Wapo waliodhani ni namba ya toleo.

Kuhusu *ubao mama* hatutapoteza wino mwingi. Ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la kigeni, na seremala mmoja wa Kibosho, aliyekuwa akichonga masanduku, alituuliza kwa nia njema kabisa ubao huo uwe wa unene gani. *Bodi kuu* latosha.

Isidhaniwe kwamba tunapendelea mkopo daima. *King'amuzi* ni neno la Kiswahili tupu, limetokana na kung'amua, na leo hakuna nyumba mlimani isiyolijua. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 na miji mingine, Moshi ikiwamo, katika miezi iliyofuata ya 2013, neno hilo lilifika siku moja na chombo chenyewe, likitangazwa redioni na kuandikwa magazetini, kwa watu waliolazimika kulitumia dukani kesho yake. *Pangaboi* nalo, lenye mzazi wa Kihindi na mzazi wa Kiingereza, liliingia bila kikao chochote. Istilahi nyingi tulizotumia sisi zilifika miaka mingi baada ya chombo, nazo zilikuta kiti kimekaliwa.

Tangu Baraza letu la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, desturi ya orodha imekuwa kuweka neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Hatudharau jasho lililomwagika humo. Lakini orodha ya namna hiyo haimwambii mfasiri ngeli ya neno, wala haimpi sentensi moja ya mfano, wala haimwonyi kwamba neno lina maana nyingine mitaani. Tungependa kila istilahi ya ufundi itolewe pamoja na sentensi ambayo fundi ameisoma na kuitenda, na ikishindikana kutendeka, irudishwe mezani.

Mwongozo tumeuandika upya na kuupeleka karakanani sura kwa sura. Kuhusu matundu, vijana wenyewe walikwisha kupata suluhisho kabla yetu: kwa kuwa katika kompyuta nyingi tundu la maikrofoni lina rangi ya waridi na la spika lina rangi ya kijani, wao husema “tundu la pinki” na “tundu la kijani,” nasi tumeandika hivyo. Kimebaki kipande kimoja, kile kikaacho ndani ya sanduku na kugawa umeme wa sauti, nzito ziende kwenye koni kubwa na nyembamba ziende kwenye twita. Karakanani huitwa “kidude cha kugawa.” Tulijaribu kigawanya sauti, wakasema hicho ni waya wenye ncha mbili. Wasomaji wenye pendekezo watuandikie, na tafadhali waliambatanishe na sentensi.