Mwamuzi Anayebaki Macho

Mbio zimekwisha. Madereva wamevua vipokea sauti, wameachia usukani wa mezani, wamekwenda kulala. Mwamuzi wa ligi ndiyo kwanza anaanza kazi: malalamiko sita yanamsubiri, na kila mlalamikaji anaapa kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Katika iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari uliozinduliwa mwaka 2008, kompyuta yenyewe hutoza pointi: 1 kwa kutoka nje ya njia, 2 kwa kushindwa kulidhibiti gari, 4 kwa kugongana kwa nguvu kwenye lami. Haiulizi nani mkosaji. Aliyegonga na aliyegongwa hutozwa sawa. Hapo ndipo anapohitajika mtu, na mara nyingi ni mtu wa kujitolea, asiyelipwa hata vocha ya intaneti.

Anarudisha video ya kona ileile mara ya kumi. Anaitazama kutoka juu, kisha kutoka ndani ya gari la nyuma. Je, aliyejipenyeza alikuwa ameshafika ubavuni kabla mwenzake hajakata kona? Mizunguko iliyotangulia alikanyaga breki wapi, na safari hii wapi? Au mtandao ulikwama, magari yakagusana kwenye skrini ya huyu huku kwa yule yakipishana salama? Mimi ningerusha shilingi nikalale.

Yeye anaandika: adhabu ya sekunde 5, na sababu zake. Aliyeadhibiwa atanuna, aliyelalamika ataona ni chache. Wiki ijayo wote wawili watajipanga tena mstarini, na kwenye kona ya kwanza mmoja atamwachia mwenzake upana wa gari.