Dakika Moja ya Adhuhuri Bwaise

Bodaboda inayovuka makutano ya Bwaise, Kampala, saa saba mchana haikai mbele ya lenzi zaidi ya sekunde chache. Ukiiacha shata wazi dakika nzima, haionekani kabisa. Anayebaki ni mpishi wa roleksi za chapati na mayai, kwa kuwa mwavuli na jiko lake havihami. Picha ya namna hiyo ndiyo niliyoitaka, na kizuizi kilikuwa jua.

Kwa jua kali, ISO 100 na tundu la lenzi f/16, shata hutakiwa kufunga ndani ya 1/125 ya sekunde. Filta ya kijivu ya stopu 10 hupunguza mwanga mara 1,000 hivi, ukapata sekunde nane. Hazitoshi. Foleni ya pale hutambaa, na taksi iliyosimama sekunde tatu tu huacha doa kama la moshi.

Nilitumia kioo cha mchomelea vyuma, namba 10, nikakifunga mbele ya lenzi kwa mipira. Hukata mwanga kama mara 7,000, karibu stopu 13, na muda unafika dakika moja. Chagua kisicho na madoa ya cheche. Lenga kwanza, zima ulengaji wa kiotomatiki, ndipo ukifunge, maana baada ya hapo huoni kitu. Ziba pia kitundu cha kuchungulia, mwanga usipenye kwa nyuma. Stendi iwe mbali na barabara. Lori likipita, ardhi hutetemeka.

Kioo hicho hupaka picha nzima kijani, hivyo niliigeuza nyeusi na nyeupe. Nikamkumbuka Louis Daguerre, ambaye mwaka 1838 alipiga Boulevard du Temple, Paris, njia ikatoka tupu, isipokuwa mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu. Yeye hakuhitaji filta: bamba lake lenyewe lilikuwa zito kupokea mwanga.

Lakini mvua ilipofurisha mfereji wa Nsooba-Lubigi, kioo nilikiacha mfukoni. Bwaise imekaa bondeni, penye ardhi iliyokuwa kinamasi, na maji huingia hadi vyumbani. Dakika moja ingeyalaza kama ukungu, ikafuta mkondo na takataka zake, mafuriko yakawa mandhari ya kupendeza. Huo ni uongo kwa anayelala humo. Nilipandisha ISO hadi 800, nikapiga kwa 1/500, kila chupa ya plastiki ikaonekana, na ndoo ya mama aliyekuwa akimwaga maji nje ya mlango wake.