Plagi za 1NZ: Vifaa vya Kulinda Shimo

Anayetaka kubadilisha plagi za gari lake nyumbani huanza kwa kuuliza spana namba ngapi. Swali ni la haki, ila linaelekea upande usio na hatari. Plagi yenyewe ni kitu cha kutupwa: ikipinda ncha au ikipasuka kaure, duka la vipuri lina nyingine. Kinachobaki na gari ni shimo inamoingia, na shimo hilo limechongwa ndani ya silinda hedi ya alumini, madini laini kuliko chuma cha plagi. Nyuzi za shimo zikiliwa, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa ya kuchonga nyuzi upya na kupachika bushi ya chuma, pengine hata kuishusha hedi nzima. Kwa hiyo orodha ya vifaa isipangwe kwa kuuliza kipi kinafungua plagi. Karibu chochote kinafungua. Ipangwe kwa kuuliza kipi kinalilinda shimo, na hapo vile vya bei ndogo hupanda juu ya vile vinavyong'aa dukani.

Tuchukue injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Probox, Fielder na Vitz na IST nyingi zinazopita barabara za Dar es Salaam na Nairobi. Plagi zake nne zimekaa katikati ya hedi, chini ya mashimo marefu, na juu ya kila moja kuna koili yake iliyofungwa kwa bolti moja ya namba 10. Plagi ni ya nyuzi za milimita 14, na kichwa chake hushikwa na boksi ya namba 16. Racheti, boksi hiyo, kiungo cha kurefushia na boksi ya namba 10 kwa ajili ya koili: hivyo vinatosha kufika chini. Boksi iwe ile ya plagi hasa, yenye sumaku au mpira ndani, kwa sababu plagi ikiponyoka na kuanguka shimoni hugonga ncha, na nafasi ya cheche iliyopimwa kiwandani hubanwa. Ile ya mpira ina kero yake: mpira ukizeeka hung'ang'ania plagi, kiungo kikatoka peke yake na boksi ikabaki chini. Soketi za umeme za koili zitolewe kwa kidole. Plastiki iliyokaa juu ya joto la injini kwa miaka huwa kama biskuti, na bisibisi ikitumiwa kama mtaimbo huvunja kile kilimi kinachoishikilia.

Kabla plagi haijalegezwa, shimo lisafishwe. Mchanga na vumbi hujikusanya kuizunguka, na plagi ikishatoka njia ya kwenda ndani ya silinda iko wazi. Upepo wa kompresa ndio bora. Asiyekuwa na kompresa anaweza kutumia pampu ya baiskeli yenye mpira mrefu, apulize huku amevaa miwani, kisha alegeze plagi nusu mzunguko na kupuliza tena. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa ukiiruka hakuna kinacholia siku hiyohiyo. Injini nayo iwe imepoa.

Wakati wa kufunga, kifaa kikuu ni vidole, au kipande cha mpira wa petroli kinachobana juu ya kaure ya plagi. Nyuzi za plagi hii zina urefu wa milimita 19, na kila mzunguko unaishusha milimita 1.25, maana yake ni mizunguko kama 15 kutoka mdomoni hadi kitako. Yote inapaswa kwenda bila racheti. Plagi ikikaza kwenye mzunguko wa pili imeingia upande, na mpira utateleza na kukataa kuendelea. Huko kuteleza ndiko sababu ya kuuchagua: racheti haitelezi, itaendelea kusukuma na kuchonga njia mpya ndani ya alumini.

Ndipo tunafika kwenye kukaza. Kitabu cha Toyota cha injini hii hutaja nyutoni mita 18. NGK, watengenezaji wa plagi, hutaja 25 hadi 30 kwa plagi za milimita 14 ndani ya alumini. Tofauti hiyo isimsumbue mtu sana, kwani vipimo vyote viwili ni vidogo: nati za tairi za magari haya hukazwa kwa 103. Kwa racheti yenye mkono wa sentimita 18, nyutoni mita 18 ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 10, yaani nusu ya ndoo ya maji ya lita 20. Ukishika mpini wa sentimita 45, kilo 4 tu zimetosha. Mpini mrefu basi ni adui hapa.

Fundi atajibu kwamba amefunga plagi maisha yake yote bila spana ya kupimia mkazo, na hakuna iliyorudi. Ni kweli, na sababu ipo. Plagi mpya ina ringi inayobonyea, na mkono uliofunga maelfu unaitambua inapobonyea. Lakini mwenye gari anayefanya kazi hii mara moja kwa miaka kadhaa hana mkono huo. Je, anunue spana ya kipimo? Si lazima, na nyingine zitamponza: nyingi za nusu inchi huanza kupima kwenye nyutoni mita 40, kiwango kinachopita mahali plagi ilipotakiwa kusimama. Kama hana ndogo inayopima vizuri chini ya 30, heri afuate pembe. Plagi mpya yenye ringi ikishagusa kitako kwa vidole, izungushwe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, basi. Alama ya chokaa kwenye racheti inatosha kuonyesha. Grisi ya kuzuia kutu isipakwe kwenye nyuzi. Hupunguza msuguano, na kipimo kilekile kikabana zaidi ya kilivyokusudiwa.

Fila geji, ile ya kupimia nafasi ya cheche, ni ya kuhakiki tu: nafasi hiyo ni milimita 1.1, na kwa plagi za iridiamu, ambazo ncha yake ni nyembamba mno, mkono wa kuipindisha ukae mbali.

Kuna kifaa kimoja kisichouzwa na duka la vipuri: kipande cha trei ya mayai chenye matundu manne, yaliyoandikwa 1 hadi 4 kuanzia upande wa mkanda wa alteneta. Plagi kuukuu zikae humo kwa mpangilio wa zilikotoka. Mafuta yakiwa juu, kwenye kaure na kichwa cha plagi, sili ya shimo kwenye kifuniko cha valvu imechoka, na ni kazi ndogo. Yakiwa kwenye ncha, yametoka ndani ya silinda namba hiyo, na plagi mpya uliyoifunga kwa uangalifu wote huo italoa vilevile.