Semina ya David Brent, na semina zetu

Kuna kipindi cha kuchekesha ambacho kila mutu aliyewahi kuandika jina lake kwenye liste ya prezanse angefaa kukiangalia. Ni cha Waingereza, kinaitwa The Office, kilitungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant. Sehemu yake ya nne ilipita kwenye BBC mwezi wa 7 mwaka 2001. Ni ya zamani, ndiyo. Lakini ukiiangalia ukiwa hapa Ngezi, utazania waliipigia picha Bunia, kwenye sale fulani ya mikutano, na padeksi zimebandikwa ukutani.

Habari yenyewe ni fupi. Kampuni moja inauza karatasi katika muji wa Slough. Formateri mumoja, Rowan, anakuja kufundisha wafanyakazi namna ya kupokea wateja. Shefu wao, David Brent (Gervais mwenyewe njo anamucheza), hawezi kuvumilia kukaa kwenye kiti kama mwanafunzi. Rowan anapanga muchezo mudogo: mumoja ni mufanyakazi wa hoteli, mwengine ni muteja mwenye kulalamika. Brent akiwa mufanyakazi, anajibu tu kwamba hajali. Wakibadilishana, anapiga kelele kwamba kule juu kumefanyika uhalifu wa kutisha, kiisha anajisifu kwamba amemushika formateri masikio. Mwishowe anaenda mpaka nyumbani kuleta gita yake, anaimbia watu nyimbo zake, Rowan ananyamaza tu.

Wengi wanasema sehemu hii inachekelea semina. Mimi sioni hivyo. Rowan si mujinga. Amejitayarisha, ana uvumilivu, na kama wangemuacha afanye kazi yake, watu wangetoka na kitu, hata kidogo. Kinachouma ni kingine. Tangu sehemu ya kwanza, wafanyakazi hawa wamesikia kwamba kampuni inataka kupunguza watu, na pengine ofisi yao itafungwa. Ndani ya sale lakini, jambo hilo halina nafasi kwenye programu. Wanafundishwa kumupokea muteja vizuri, na hawajui kama kesho watakuwa bado na meza. Kelele ya Brent inafunika ukimya ule. Tunacheka, kumbe tunachekea watu wenye kuogopa.

Hapo njo kipindi kinatugusa. Mwaka fulani nilialikwa kwa formasyo ya siku tatu juu ya kilimo. Shirika silitaji. Tulikuwa walisansie wa agronomia pamoja na mama walimaji. Siku ya kwanza: michezo ya kuchangamusha, kupiga makofi, kujitambulisha kwa jina la munyama. Siku ya pili: kupanda mahindi kwa mistari, sentimita 75 kwa 50. Mambo ya kweli, sikatai, tuliyasoma toka graduat. Halafu mama mumoja akanyoosha mukono: «Shamba langu liko kule tulikokimbia. Mistari hiyo nitaipima wapi?» Animateri akasema swali ni nzuri, akaliandika kwenye padeksi, pembeni, tukaenda poze kafe. Halikurudi tena.

Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi wa 5 mwaka 2021, na mpaka leo walimaji wengi wa jimbo hili wanalala mbali na mashamba yao. Swali la yule mama lilikuwa semina yote. Sisemi animateri alikuwa mubaya. Alikuwa na programu, na programu haikuwa na sanduku la swali lile. Sawasawa na Rowan.

Waamerika walichukua kipindi hicho wakatengeneza chao. Katika sehemu moja ya mwaka 2005, formateri anakuja kufundisha juu ya kuheshimu watu wa rangi zote. Kumbe anahitaji sinyatire ya mutu mumoja tu, shefu Michael Scott, juu yeye njo alileta fujo. Michael anatia sinyatire kwa jina la Daffy Duck, bata wa katuni! Nani kati yetu hajui uzito wa sinyatire? Bila sinyatire hakuna perdiem, hakuna atestasyo, na mufadhili hana ripoti. Ikiisha kuwekwa, kama mutu alielewa ao hakuelewa, haina tena shida.

Niko na lawama moja kwa kipindi cha Waingereza. Tim, kijana aliyetimiza miaka 30 katika sehemu ya tatu, anachoka na semina ile, anasimama, anasema anaacha kazi arudi kusoma saikolojia. Ni nzuri kuangalia. Lakini inatuonyesha kwamba dawa ya semina ya bure ni kutoka inje. Kwetu nani atatoka? Perdiem ya siku tatu inalipa deni la nyumba. Mulisansie asiye na kazi anabaki mpaka sinyatire ya mwisho, na anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nikiangalia vizuri, hata Tim: mwisho wa msimu anapewa cheo kidogo, anabaki. Watu wengi wanamuhukumu kwa hiyo. Mimi naona hapo njo watungaji walisema kweli kuliko pahali pengine.

Wakenya walikuwa na Papa Shirandula kwenye Citizen TV, mulinzi anayemuficha muke wake kazi anayofanya. Walichukua aibu inayojulikana kwa kila jirani, wakaifanya kicheko cha miaka mingi. Sisi tuko na animateri, padeksi, mustari wa kungojea perdiem, na swali la mama lililobaki pembeni. Vijana wa teatri wa Bunia, munangoja nini? Lakini mukiandika, musimucheke mama. Mumupe nafasi arudilie swali lake, na safari hii mutu ajibu.